Uwatu wa Mke Mwenza

Kwetu Mambrui mwanamke akijifungua, mimi huitwa. Sikusomea kazi hii wala sina cheti ukutani; nilijifunza kwa mamangu, naye kwa mamake. Kwa siku arubaini namkanda mzazi kwa maji ya moto, namfunga tumbo, nampikia uji wa pilipili manga, na juu ya yote hayo nampa uwatu. Uwatu ndio sifa yangu. Ni mbegu ndogo za manjano, ngumu na chungu. Nazirowesha tangu jioni, namwaga maji, narowesha tena, namwaga tena, kisha nazisaga na kuzipiga kwa mwiko mpaka ziumuke na kutoa povu. Natia asali kidogo, mzazi anakunja uso, anakunywa. Siku ya tatu maziwa yanashuka. Nimeliona hilo kwa wanawake wengi, na sijali nani ana digrii gani.

Mume wetu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi. Nasema "wetu" kwa sababu miaka tisa iliyopita alioa mke wa pili, binti wa watu wa Gede, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Sitasema uongo: sikumpenda. Ningempendea nini? Alijengewa nyumba yake ng'ambo ya ua, na jiko lake, na kwa miaka mingi tuligawana siku za mume na kamba ya kuanikia nguo, basi. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, bi mkubwa," nami nikaitika marahaba huku nimekaza meno. Sikumfanyia ubaya. Wema pia sikumfanyia.

Mwaka juzi aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Alipelekwa Mombasa, akapimwa, ikawa ni saratani, titi likatolewa. Daktari alimweleza mume wetu, naye akaja kutueleza sisi kwa sauti ya mtu anayesoma oda ya simenti, kwamba saratani hii ni ya aina inayolishwa na homoni ya kike, ile iliyomo mwilini mwa kila mwanamke. Kwa hiyo baada ya kisu itambidi anywe tembe moja kila siku kwa miaka mitano, ili homoni hiyo isipate nafasi ya kuamsha chembe yoyote ya ugonjwa iliyobaki. Kila baada ya miezi michache arudi kliniki akaangaliwe. Hakukuwa na fumbo lolote hapo. Tembe moja, siku moja.

Alirudi nyumbani hawezi kuinua mkono. Mume wetu alisimama mlangoni mwa chumba chake, viatu mkononi, hajui aingie ama aende zake. Wanaume! Nikamwambia, "Ondoka hapo, nenda dukani kwako." Nikaingia mimi. Na kwa kuwa namna ninayoijua ya kumlea mwanamke aliyelala kitandani ni moja tu, nikamlea kama mzazi. Nikamkanda mgongo na miguu kwa maji ya moto, nikampa uji wa pilipili manga, nikamkataza kukanyaga sakafu bila viatu. Siku ya nne nikampelekea bakuli la uwatu.

Aliutazama ule uwatu, akanitazama mimi.

"Bi mkubwa, huu si wa kuleta maziwa?"

"Ndio huo."

"Sasa mimi maziwa yatatokea wapi?"

Tulitazamana. Halafu akaanza yeye, nikafuata mimi, tukacheka mpaka akashika kidonda na kuniomba nisimchekeshe tena. Ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kucheka pamoja tangu aolewe. "Kunywa bwana," nikamwambia, "uwatu una kazi nyingi." Akanywa mpaka chini, akakunja uso kama wanavyokunja wote.

Arubaini ikaisha, kidonda kikapona, lakini uwatu haukuisha. Kila asubuhi nilikuwa napiga wangu, na nikawa napiga na wake. Maana mimi nami nilikuwa na yangu wakati ule. Hedhi ilikuwa imenikatika na joto limenianza: niko sokoni, niko jikoni, niko katikati ya kumkanda mtu, ghafla moto unanipanda kifuani mpaka masikioni, jasho linanichuruzika, halafu natetemeka kwa baridi. Kwenye redio nilisikia kwamba iko mimea yenye vitu vinavyofanana na homoni ya kike, soya hasa, na kwamba wako wanawake wa umri wangu wanaopata nafuu wakiila. Uwatu nao ukatajwa. Lo! Nilifurahi kana kwamba wametaja ukoo wetu. Nikaanza kunywa uwatu asubuhi na jioni, nikanunua na soya, nikaikaanga, nikaisaga, nikawa naichemsha badala ya kahawa.

Mume wetu alikataa hata kuionja. Barazani walikuwa wamemwambia kwamba mwanamume akinywa soya anaota matiti. "Mnataka kunigeuza mke wa tatu humu ndani?" akauliza. Mwenzangu akamjibu kutoka kwenye mkeka wake, "Wa tatu wa nini? Hawa wawili wenyewe umeshindwa." Nilimtazama upya siku ile. Kumbe binti alikuwa na mdomo miaka yote hii, ila mbele yangu akiufunga.

Baada ya miezi miwili mitatu joto langu likapungua. Labda ni uwatu, labda ni soya, labda lilikuwa linaondoka lenyewe kama linavyoondoka kwa wanawake wote mwishowe. Leo naweza kuandika "labda." Wakati ule hapakuwa na labda. Niliwaambia wanawake harusini, niliwaambia kisimani, nilimwambia hata muuza samaki ambaye hakuniuliza.

Mwenzangu yeye joto lilikuwa linamwanza. Zile tembe ndizo zilizomletea. Daktari alishamwambia kwamba zinapoizuia homoni, mwili hufanya kama wa mwanamke aliyekatika hedhi. Basi alasiri utatukuta uani kwenye mkeka mmoja, mimi na miaka hamsini na kitu, yeye thelathini na kitu, kila mmoja ana kipepeo cha jikoni mkononi, twapepea. Tulizungumza mambo mengi pale, na nikiri, niliipenda ile saa ya alasiri kuliko zamu yangu ya mume. Na alasiri moja, alipokuwa amelowa jasho mpaka kanga imemshika mgongoni, nikasema hivi, naiandika kama ilivyotoka: "Hizo tembe zako zinawasha, uwatu wangu unazima. Ningekuwa mimi, ningejua lipi la kuacha."

Nilisema huku nachambua mchele. Sikumtazama hata usoni. Alicheka, akaendelea kupepea, nami nikalisahau lile neno kabla mchele haujaiva.

Wiki chache baadaye akaniambia joto lake limepoa. Nikavimba kichwa. Si nilisema? Tangu siku hiyo nilimzidishia uwatu, nikamtilia na soya kwenye uji, na kila alipouliza mtu hali ya mgonjwa, nilijibu mimi badala yake.

Kliniki alikuwa akipelekwa na mume wetu. Mara hii lori la simenti lilikuwa linaingia dukani, kwa hiyo nikaenda mimi. Muuguzi aliyempima presha alikuwa mtu wa pwani kama sisi. Alimshika mkono, akanusa, akatabasamu. "Mashallah! Nani amejifungua hapa?"

Uwatu ndivyo ulivyo, ukinywewa kila siku hata jasho hunukia. Mwenzangu aliinamisha macho. Mimi nikajibu kwa fahari zangu zote, "Hakuna aliyejifungua. Ni dawa namtengenezea mimi, karibu mwaka sasa." Tabasamu la muuguzi likaondoka. Akatuomba tungoje, akaingia kwa daktari kabla yetu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, Kiswahili chake cha darasani, adabu anayo. Aliniuliza natengeneza vipi, kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Nikamweleza. Alipoanza kuandika, ndipo liliponiingia kichwani jambo ambalo hata mtoto wa madrasa angeliona: saratani inalishwa na homoni ya kike, uwatu na soya vina kitu kinachofanana na homoni ya kike, na aliyemlisha ni mke mwenza wake. Ya Rabi! Niliisikia Mambrui nzima ikilisema hilo kwa sauti moja.

"Nimemlisha ugonjwa?" nikamuuliza. Nilijaribu kuuliza kwa upole lakini ilitoka kwa ukali.

"Hapana, mama, sijasema hivyo," akajibu. "Ngoja nikueleze. Homoni ya mwili wake ni kama mwenye karamu, ana kiti chake pale mbele. Kile kilichomo kwenye soya ni mgeni anayefanana naye kidogo. Anaweza kukaa kwenye kiti kile. Lakini hana nguvu ya mwenyewe, na pengine akikaa pale humzuia hata mwenyewe asikae. Ndiyo maana soya ya chakula, uji wake, maharagwe yake, hatujaiona ikiwadhuru wagonjwa kama huyu. Tunachokataza ni vidonge vya soya vilivyokolezwa."

"Na uwatu?"

"Uwatu wa kutia kwenye mchuzi hauna neno. Uwatu bakuli zima kila siku, kama dawa, mimi sijui. Haujachunguzwa vya kutosha kwa watu wenye saratani. Na kitu nisichokijua sitaki akinywe kwa wingi."

"Hujui!" nikapandwa na hasira. "Bibi zetu wameunywa tangu enzi na enzi, wewe unaniambia hujui?"

"Bibi zetu walimpa mzazi, mama," akasema. "Huyu si mzazi."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli tupu, na ilisemwa bila ukali wowote.

Halafu akamgeukia mwenzangu. "Tembe unakunywa?"

"Nakunywa."

"Joto bado linakusumbua?"

"Limeisha."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwuliza tena polepole, bila kubadilisha neno: tembe unakunywa? Mwenzangu akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la buibui. Akasema ameacha. Tangu lini? Miezi saba. Alikuwa akizichukua kila mara kwenye duka la dawa, akizirundika kwenye droo chini ya nguo za ndani, ambako mume wetu hangetia mkono.

"Nani alikwambia uache?"

"Hakuna. Nilijiamulia mwenyewe."

Aliposema hivyo hakunigeukia hata kidogo, na hapo ndipo lile neno langu la uani likanirudia lote, na mchele na kipepeo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tangu utotoni nimeisikia methali hiyo nikidhani inawahusu wambeya.

Tulipotoka nje nilimvuta kando, kwenye ukuta ambapo watu huegesha pikipiki. "Wewe una wazimu? Nani anaacha dawa ya saratani?"

"Ulisema ungekuwa wewe ungejua lipi la kuacha."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikujua unatania, bi mkubwa." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wazazi wote wa Mambrui wanalelewa na wewe. Ukisema usioge maji baridi, hawaogi. Ukisema kunywa, wanakunywa. Mimi ni nani nisikusikie? Na joto lilipoisha nikaona kweli, bi mkubwa anajua."

Joto liliisha kwa sababu aliacha tembe, basi. Ningetumia dakika mbili kufikiri ningelijua hilo mwenyewe. Sikufikiri, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba ni uwatu wangu.

Tulirudi ndani, mwenzangu akapigwa picha, akapimwa damu, na daktari akamgusa kwapa la kushoto kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Majibu tulingoja siku kumi na mbili. Sitazieleza zote. Nilikuwa nikiamka naangalia dirisha lake kama limefunguliwa, nikiswali naswali kwa kuomba jambo moja tu, na uwatu niliurudisha kabatini sikuugusa. Majibu yalipokuja, ugonjwa ulikuwa umerudi kwenye tezi za kwapani. Mahali pengine hapakuonekana kitu. Ingebidi apasuliwe tena, achomwe mionzi, abadilishiwe dawa.

Nilimfuata daktari mpaka kwenye kizingiti cha chumba chake. "Niambie ukweli, binti yangu. Ni uwatu?"

"Uwatu sidhani," akasema. "Kuacha tembe ndiko kunakoniogopesha. Lakini hata hapo siwezi kukuapia, mama. Wako wanaokunywa kila siku na unarudi." Alinigusa bega. Alidhani nimeuliza kwa ajili ya bakuli; lile neno langu la uani hakulijua.

Upasuaji wa pili ulipita salama, alhamdulillahi, na mionzi ikaisha. Sasa ni karibu mwaka, na mpaka kliniki ya mwisho hawakuona kitu kipya. Tembe mpya anazinywa asubuhi baada ya chai mbele yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe mbele yangu. Joto limerudi, kali kuliko la kwanza, na likimpanda nampepea mpaka mkono uniume. Soya tunaiacha kwenye uji, kama chakula. Wazazi bado naitwa, na uwatu bado nawapa, lakini siku hizi kabla sijarowesha namwuliza kila mmoja: una maradhi gani, unakunywa dawa gani, daktari amesema nini? Wengine wananicheka kwamba nimekuwa polisi. Wacheke.

Aliporudi kutoka upasuaji ule wa pili, mamake alikuja kutoka Gede kukaa naye. Ni mwanamke wa shamba, mfupi, mwenye mikono migumu, asiyeficha lililo moyoni. Tangu siku ya harusi alimwonya bintiye asile kitu kilichopita mikononi mwangu. Mwenzangu mwenyewe alinisimulia, uani, tukalicheka. Miaka ile yote mama huyo akija kwetu alikuwa akinisalimia kwa mbali, na chai yangu hakuinywa hata mara moja.

Siku ya tatu ya kukaa kwake nilikuwa naleta sinia ya chakula cha mchana. Nilipofika karibu na mlango nikasikia sauti ya mama, ya chini, ya mtu aliyekwisha kuuliza mara kadhaa. "Niambie mimi mamako. Amekulisha nini? Na dawa, nani alikuachisha?"

Nikasimama na sinia mkononi. Wallahi nilikuwa nimeshajipanga. Siku nyingi nilijiambia akiuliza mtu, yeyote, nitasema.

"Hakuna aliyeniachisha, mama," mwenzangu akajibu. Kutoka pale kitandani alikuwa akiuona mlango, na miguu yangu, na pindo la kanga yangu. "Ni ukaidi wangu. Bi mkubwa alikuwa akinisihi ninywe kila siku. Nilikuwa namdanganya na yeye."

Nikaingia. Mama akageuka, akaniona, na macho yake yakajaa machozi papo hapo. Akainuka kwenye kigoda, akanipokea sinia, akaiweka chini, kisha akanishika mikono yote miwili.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu, miaka yote hii," akasema. "Nisamehe. Mungu akulipe kwa jinsi ulivyomlea mtoto wangu."

Mwenzangu alikuwa amegeukia ukutani.

Nikasema, "Amin."